Kitabu cha Kilatini cha babu kisimdhuru mtoto

Katika familia yenye babu aliyekuwa katekista au aliyepitia seminari, iwe Makere au kwingineko wilayani Kasulu, huenda sandukuni kuna kitabu cha Kilatini. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, walifika Ujiji mwaka 1879. Kilatini kilitumika katika Misa hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962-1965) uliporuhusu lugha za wenyeji.

Ulaya wapo wanaokusanya matoleo ya zamani yaliyochapwa ya waandishi wa kale wa Kilatini, kama mashairi ya Virgil yaliyochapwa na Aldus Manutius mjini Venice mwaka 1501. Vitabu hivyo hudumu kwa kuwa karatasi yake ilitengenezwa kwa matambara. Lakini navyo vina hatari: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern Denmark walieleza kuwa wamekuta sumu ya aseniki kwenye majalada ya vitabu vitatu vya karne ya 16 na 17.

Cha babu yaelekea ni cha karne ya 20, chenye karatasi ya miti inayogeuka njano na kukatika. Wengi hukilinda dhidi ya wadudu kwa vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kabatini. Hapo mzazi uwe makini.

Vidonge vingi vya aina hiyo vina nafthalini. Mtoto akimeza, au mchanga akivuta harufu yake kwenye nguo na blanketi, chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka, hasa kwa mwenye upungufu wa G6PD, hali ya kurithi inayopatikana zaidi maeneo yenye malaria. Ukiona macho ya njano, mkojo mweusi au mtoto amepauka na kulegea, mpeleke kituo cha afya mara moja, ukiwa na pakiti ya vidonge hivyo. Usimtapishe.

Badala yake, funga kitabu kwa kitambaa safi cha pamba, kiweke juu ya rafu, mbali na ukuta na sakafu kwa sababu ya mchwa na unyevu wa masika. Kikague kila mwezi. Chenye ukungu kikaushe kivulini nje, kisha kipanguse kwa brashi laini ukiwa umevaa barakoa, mbali na mtoto mwenye pumu.

Halafu mwombe babu awasomee wajukuu ukurasa mmoja, angali na nguvu.