Kabla Chama Hakijalipia Jahazi la Machweo Mombasa

Desemba ikikaribia vyama vingi hugawana faida, na vingine huamua kwamba mwaka huu pesa isiishie kwa masufuria na mabati peke yake. Tunaenda Mombasa! Na ukifika Mombasa, kuna kitu kimoja ambacho kila mtu amekiona kwa picha: jahazi lenye taa, meza zimepangwa, watu wanakula chakula cha jioni majini huku jua likizama.

Tuchukue mfano wa chama cha kina mama kumi na wanne wanaouza ndizi na mboga soko la Daraja Mbili, Kisii. Mmoja wao ameona tangazo Facebook. Bei ni shilingi 5,000 kwa kila mtu. Chini ya picha kuna namba ya simu na maneno haya: nafasi zimebaki chache, tuma nusu leo. Kwenye grupu ya WhatsApp mweka hazina ameshaanza kuulizwa, "Mama, umetuma?"

Asitume kwanza. Nusu ya hiyo pesa ni 35,000, na kutoka Kisii hadi Mombasa ni karibu kilomita 800. Hawezi kupanda matatu aende kuhakikisha kama hilo jahazi lipo. Kila kitu atakachojua kabla ya kulipa atakijulia kwenye simu, kwa hivyo maswali yake ndiyo ukaguzi.

Kwa nini tunasisitiza "kabla"

Kuna dhana moja ambayo imewaumiza watu wengi: kwamba pesa ukituma kwa simu na mambo yaharibike, unaweza tu kuomba irudishwe. Huduma ya kurudisha pesa ipo, ndio. Kwa M-Pesa unatuma ule ujumbe wa muamala kwa 456 na ombi lako linashughulikiwa. Lakini iliwekwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Wewe ukimtumia mtu pesa kwa hiari yako, kwa namba sahihi, halafu akose kukupa ulichonunua, hapo hujakosea namba. Umedanganywa, na hiyo ni kesi nyingine kabisa. Tena, huyo mtu akiwa ameshatoa pesa kwa ajenti, hakuna kilichobaki cha kurudisha. Pesa ya simu ikishaondoka ni kama noti uliyompa mtu mkononi.

Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza mwenye jahazi halihusu chakula wala muziki. Muulize: "Nikilipa, jina gani litatokea?"

Akutajie kwanza, uliandike, kisha ndio uanze kulipa. Kabla pesa haijaondoka, simu hukuonyesha jina la mpokeaji na unapata nafasi ya kusitisha. Linganisha. Ukiambiwa ni jina la hoteli na linatokea jina la mtu binafsi, sitisha na upige simu tena. Wakati mwingine jina la kampuni kwenye usajili si lile lililo kwenye bango la biashara, na hilo si wizi. Lakini mfanyabiashara wa kweli anajua jina la Till yake mwenyewe na atakutajia bila kuzunguka.

Namba ya kawaida ya simu ndiyo dhaifu kuliko zote kwa malipo kama haya. Biashara inayobeba watu usiku majini na kuwalisha ina kila sababu ya kuwa na Till au Paybill. Wakikwambia "Till ina shida leo, tuma kwa hii ya meneja", waambie utangoja itengenezwe. Na kulipa kwa Till kuna faida nyingine ndogo: kwa Lipa na M-Pesa, mteja hakatwi ada kwenye Till, tofauti na kutuma kwa namba ya mtu.

Picha nazo zisikutie moyo sana. Mtu yeyote anaweza kunakili picha ya jahazi la mwingine na kufungua ukurasa mpya. Tafuta namba ya hoteli au mgahawa wenyewe kwa njia nyingine, si ile ya kwenye tangazo, upige na uulize kama tangazo ni lao. Dakika tano tu.

Jua la Mombasa halizami baharini

Hili huwashangaza wageni wa bara. Bahari iko mashariki ya Mombasa. Jua linachomoza baharini na kuzama upande wa bara, nyuma ya minazi na majumba. Kwa hivyo majahazi ya machweo hayaendi bahari kuu. Hukaa kwenye mikono ya bahari inayoingia ndani ya nchi, kama Tudor, ule unaotenganisha kisiwa cha Mombasa na Nyali. Jahazi la mgahawa wa Tamarind, upande wa Nyali, ndilo lenye jina zaidi kwa kazi hii, na mwendo wake ni humo humo Tudor, ukitazama Mji wa Kale. Fort Jesus, ile ngome Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, iko hapo karibu na mdomo wa maji hayo. Kaskazini kidogo kuna Mtwapa, nao una mkono wake wa bahari na sehemu za kula kando ya maji.

Ni habari njema kwa mtu ambaye hajawahi kupanda chombo cha majini. Maji ya ndani huwa matulivu kuliko ya nje ya miamba, na kichefuchefu hakikupati kirahisi. Tangazo likikuahidi "machweo katikati ya bahari kuu" hapo Mombasa, uliza wanaelekea wapi hasa.

Kama ndoto ya chama ni kuliona jua likiingia majini, basi ukweli ni kwamba Kisumu iko karibu zaidi. Hippo Point na Dunga zinatazama magharibi juu ya ziwa, na ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Lakini tunajua, Mombasa ni Mombasa.

Halafu saa. Mwishoni mwa Desemba jua huzama Mombasa karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, dakika kama kumi na nne kabla ya Kisii, kwa sababu Mombasa iko mashariki zaidi. Na likizama giza haliongojei mtu. Jahazi linalopakia watu saa moja jioni ni jahazi la usiku, hata likiandikwa "machweo" kwa herufi kubwa. Uliza mambo mawili tofauti: watu wanapanda saa ngapi, na jahazi linang'oa nanga saa ngapi. Taja saa kwa Kiswahili na pia kwa namba za simu, 5:30 PM, usije ukaelewana vibaya na mtu. Kama mmelala Diani, kumbukeni kuna kivuko cha Likoni katikati, na foleni ya jioni haijui kwamba mmelipia chakula.

Siku, sahani na bei ya mwisho

Kwa vikundi vya Kisii na Nyamira kuna jambo ambalo mpangaji wa Mombasa hatalifikiria, kwa hivyo mlifikirie wenyewe. Wengi wetu huko ni Wasabato. Jahazi la machweo ya Ijumaa linaanza kabla Sabato haijaingia na kumalizika ikiwa imeshaingia. La Jumamosi linapakia watu kabla haijatoka. Ukichukua Ijumaa kwa sababu ilikuwa na punguzo, nusu ya chama kitabaki hotelini na pesa yao imeshalipwa. Jumapili au katikati ya wiki hakuna ugomvi, na mara nyingi hakuna msongamano pia.

Sahani nayo ni hivyo hivyo. Chakula kinachosifiwa kwenye majahazi haya ni cha baharini: kamba, kaa, ngisi, pweza. Msabato anayefuata mafundisho hali hata kimoja hapo. Anakula samaki mwenye mapezi na magamba. Kuna pia ambaye hajawahi tu kuvila na hataki kuanzia gizani. Waambieni idadi kamili: sahani ngapi za samaki wa kawaida, ngapi za kuku, ngapi za mboga. Wapeni hiyo orodha wakati wa kulipa dipoziti, si siku ya kupanda, kwa sababu jahazi likishaondoka hakuna kurudi jikoni.

Sasa bei. Elfu tano ni elfu tano gani? Neno la kutafuta kwenye tangazo ni kodi. VAT ni asilimia 16 na ushuru wa utalii ni asilimia 2. Kama bei ya tangazo haijajumuisha hivyo viwili, kila mtu analipa 5,900, na chama kizima ni 82,600 badala ya 70,000. Hizo 12,600 zaidi zitatoka wapi mkiwa tayari mko gatini? Wengine huongeza pia ada ya huduma. Vinywaji huwa kando mara nyingi, na usafiri kutoka hotelini vilevile. Swali ni moja tu: "Watu kumi na wanne, kila kitu ndani, nitalipa jumla shilingi ngapi?" Jibu lije kwa namba moja, kwa maandishi.

Makoti ya kuokolea

Tusizunguke hapa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama Mombasa na watu 272 walikufa, karibu kabisa na nchi kavu. Maji yakiwa matulivu bado ni maji, na wengi wetu tuliozaliwa milimani hatujui kuogelea.

Uliza chombo kimepewa kibali cha kubeba watu wangapi na jioni hiyo mtakuwa wangapi. Uliza kama kuna koti la kuokolea kwa kila abiria, pamoja na saizi ya watoto kama mnaenda nao. Vyombo hivi hukaguliwa na KMA, mamlaka inayosimamia usalama wa majini nchini, na mwenye chombo halali haoni haya kukutumia picha ya cheti chake. Uliza pia mnapandia wapi. Pwani maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu siku za bamvua, na mama mwenye magoti mabaya atahitaji gati lenye ngazi nzuri, si ubao.

Dipoziti, sasa

Majibu yakiridhisha, omba kwenye WhatsApp ujumbe mmoja wenye mambo haya: tarehe, saa ya kupanda, idadi ya watu, jumla ya bei, dipoziti ni kiasi gani, na nini kinatokea mvua ikinyesha au wao wakiahirisha. Msimamo wao kuhusu mvua ni muhimu. Wengine hurudisha pesa, wengine hukupa tarehe nyingine tu, na tarehe nyingine haimsaidii mtu aliyetoka Kisii na tikiti ya kurudi kesho yake.

Jaribu kupunguza dipoziti. Nusu si sheria. Ukisema "tutalipa elfu kumi sasa na salio gatini kabla ya kupanda", wengi wanaotaka biashara watazungumza. Mkifika, liangalieni jahazi kwanza, mhesabu makoti, ndipo mweka hazina atoe simu amalizie kwenye Till ile ile, jina lile lile.

Ujumbe wa muamala usifutwe. Utume kwenye grupu ili kila mwanachama auone, ukiwa na kodi yake ya herufi na namba. Hiyo ndiyo risiti ya watu kumi na wanne. Na kama mmeshatuma na namba haishikwi tena, msingoje kuona kama atapiga. Ripotini kwa mtandao wenu saa hiyo hiyo, kisha muende kituo cha polisi kilicho karibu mpate namba ya OB, mkiwa na ujumbe wa muamala, picha ya tangazo na mazungumzo yote ya WhatsApp. Si lazima kusafiri hadi Mombasa kuandikisha. Kituo cha Kisii kitapokea ripoti yenu.