Mapinduzi na Watoto Wake: Unguja, 1964 (Sehemu ya Pili)

Sehemu iliyopita iliishia Jumapili ya Januari 12, 1964, ghala za silaha za Ziwani na Mtoni zilipotekwa na Sultani Jamshid akakimbilia melini. Leo tuwaache wakubwa, tuwaangalie watoto.

Watoto wengi wa Mji Mkongwe waliyasikia Mapinduzi kabla ya kuyaona. Kwanza bunduki, kisha redio, na sauti ngeni ya John Okello, kiongozi wa wapiganaji, akitoa amri na vitisho. Siku chache baadaye Ramadhani ikaandama. Waandishi hulipita jambo hili, nami naliona kubwa. Mwezi ule una saa zake, za daku, za futari, za tarawehe. Hata nyumba ambayo baba amekamatwa ilibidi ifuturu, na mtoto akatumwa jikoni kama kawaida.

Msiba wenyewe haukwisha kwa usiku mmoja. Uliendelea kwa kupunguza watu: rafiki hayupo darasani, duka la jirani limefungwa, jina la mjomba halitajwi tena mbele ya wageni. Mtoto akajifunza upesi lipi haliulizwi. Wapo wanaouita huo ujasiri. Kwangu mimi ilikuwa hofu iliyovaa adabu, ingawa sikatai kwamba iliwavusha wengi.

Wala hawakupoteza wote. Septemba 23 mwaka huohuo Mzee Karume, rais mpya, alitangaza elimu bila malipo, na watoto wa wachuma karafuu wakakalia madawati ambayo baba zao hawakuyapata. Mkono uliompa huyu ndio uliomnyang'anya yule, na anayesimulia nusu moja tu anawadhulumu watoto wa nusu ya pili.

Mmoja wa watoto wa Mapinduzi ni mwandishi Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa 1948, ambaye Januari ile alikuwa na miaka 15. Alipofika 18 aliondoka kwenda Uingereza, asiweze kurudi hadi 1984, akamuwahi baba yake muda mfupi kabla hajafariki. Huko ugenini, akiwa na miaka 21, ndiko alikoanza kuandika.

Riwaya yake ya 1994, Paradise, haina Januari 1964 ndani yake. Ina Yusuf, mvulana wa enzi ya Wajerumani, anayeondoka kwao na tajiri Aziz akidhani anafuatana na mjomba. Khalil, kijana wa dukani, ndiye anayemfungua macho: huyo si mjomba wako, nawe umewekwa rehani kwa deni la baba yako. Wazazi hawakumwambia neno. Sioni kuwa ni bahati tu kwamba aliyekulia katika miaka ile ya kunyamaziana alimtungia mtoto hatima hiyo, ya kuelezwa maisha yake mwenyewe na mtu baki. Tangu 2022 kitabu kinasomeka kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na wajukuu wa watoto wa 1964 wanaweza kukisoma pamoja na bibi zao.