Simbilisi anapoacha kula: tulichojifunza kwa kuchelewa

LEICESTER, Uingereza

Wazazi wengi wa Kiswahili tuliopo huku ughaibuni tumepitia jambo hili. Mtoto anarudi kutoka shuleni na ombi moja ambalo halimtoki mdomoni wiki nzima: anataka simbilisi, kwa sababu darasani kwao wapo wawili na rafiki yake naye anaye nyumbani. Mnyama mwenyewe ni mdogo, mnene, hana mkia, hang'ati ovyo, na dukani anaonekana kama hana gharama. Mwisho wake mzazi anakubali.

Kabla ya kuendelea, tuondoe kwanza utata wa majina. Kwa Kiingereza mnyama huyu anatajwa kama nguruwe, lakini si nguruwe wala hana undugu na nguruwe. Yuko katika jamii moja na panya na nungu, na asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambako amefugwa kwa maelfu ya miaka kwa ajili ya kitoweo. Nyumbani Tanzania, hasa Iringa na Njombe, anaitwa simbilisi. Wenzetu waliokulia Kivu humwita kwa jina la Kifaransa, cobaye. Wapo pia wanaomwita pimbi, ingawa pimbi hasa ni yule mnyama mwingine wa kwenye majabali.

Makala haya tunayaandika kwa sababu sisi wenyewe tulipoteza simbilisi wa kwanza kwa kutojua jambo moja dogo, na wa pili nusura tumuue kwa mikono yetu. Tunaamini yapo majumba mengine yenye hatari hiyo hiyo bila wenyewe kufahamu.

Ijumaa mpaka Jumatatu

Yule wa kwanza binti yetu alimwita Chokoleti. Ijumaa moja jioni binti alikuja jikoni akasema, "Mama, Chokoleti hataki karoti." Tukamwambia labda ameshiba. Jumamosi tukamkuta amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, na majani yake hayajaguswa. Tukasema ni baridi. Kliniki ya karibu ilikuwa imefungwa, na gharama ya daktari wa dharura ilitutisha. Tukaafikiana kusubiri Jumatatu.

Jumatatu alfajiri Chokoleti alikuwa ameshakufa. Binti alituuliza swali moja tu: mbona alituambia tangu Ijumaa? Hatukuwa na jibu la kumpa.

Baadaye daktari wa wanyama alitueleza, bila kutulaumu, kwamba kwa simbilisi siku moja bila kula si jambo la kusubiri. Mbwa au paka anaweza kukataa chakula siku nzima na kesho yake akaamka mzima. Simbilisi hayuko hivyo, na sababu iko ndani ya tumbo lake.

Tumbo lisilotakiwa kusimama

Simbilisi ni mla majani. Majani ni chakula kigumu kusagika, kwa hiyo mwilini mwake anao mfuko mkubwa wa utumbo uitwao sikamu, ambao huchukua sehemu kubwa ya tumbo lote. Ndani ya mfuko huo wanaishi vijidudu vyema wasiohesabika, na kazi yao ni kuyachachusha majani na kuyageuza yawe lishe. Ili vijidudu hao waishi salama na utumbo uendelee kusukuma, ni lazima majani mapya yaingie kila wakati. Ndiyo sababu simbilisi mzima utamkuta anatafuna mchana na usiku, na kinyesi chake kinatoka karibu wakati wote.

Akiacha kula, utumbo hupunguza mwendo na mwisho husimama. Kilichomo ndani hukauka na gesi hujaa. Gesi humletea maumivu, na maumivu humfanya azidi kukataa chakula. Wakati huo huo vijidudu wabaya hupata nafasi ya kuongezeka. Mwili nao, kwa kukosa chakula, huanza kuyeyusha mafuta yake kwa kasi mpaka yanajaa kwenye ini. Juu ya hayo yote, maumbile yake hayamruhusu kutapika, hivyo kilichoingia hakina njia ya kurudi. Yote haya yanaweza kutokea ndani ya siku moja au mbili.

Sababu za kuacha kula ni nyingi. Huenda ni chakula kibaya, au ni meno, kwani meno yake yote 20 hukua maisha yake yote, na asipotafuna majani ya kutosha hurefuka mpaka yanamchoma ulimi na mashavu. Huenda ni jiwe la kibofu, homa ya mapafu au upungufu wa vitamini C. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, ni lazima aipate katika chakula. Kwa hiyo tumbo likisimama mara nyingi chanzo ni kitu kingine, na kukitafuta ni kazi ya daktari.

Siku ya pili ya Iddi

Baada ya miezi kadhaa tulikubali kufuga tena, safari hii wawili, kwa kuwa simbilisi hufugwa kwa jamii. Uswisi walilitilia jambo hili mkazo katika kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2008, ambazo zinataka wanyama wa aina hii wasifugwe peke yao. Wawili wetu ni Karafuu na Iliki.

Ikaja Iddi, nyumba ikajaa wageni. Watoto walikaa karibu na kizimba mchana kutwa, na kila mmoja alitoa alichonacho: vipande vya chapati, biskuti, zabibu, na kichwa kizima cha saladi kilichokuwa kwenye friji. Asubuhi ya siku ya pili Iliki alikuwa anakula majani kama kawaida, lakini Karafuu alikuwa amejikunyata. Alikuwa anasaga meno, na chini yake palikuwa na kinyesi kidogo sana, vipande vidogo vilivyokauka.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Aliposikia tunatafuta namba ya daktari alishangaa. "Hee, wanangu! Panya naye anapelekwa hospitali?" Shemeji yetu, kwa nia njema kabisa, akaenda kwenye friji akatoa chupa ya amoksilini ya maji, iliyobaki mtoto alipougua masikio. "Mpeni matone mawili," akasema. "Tumbo la mtoto na tumbo la mnyama ni tumbo."

Tulikuwa tumeshaifungua ile chupa. Bahati, simu ya kliniki ya dharura ikapokelewa, na mhudumu akatuuliza kama tumempa dawa yoyote. Tulipotaja tulichoshika mkononi alisema kwa sauti ya haraka tusithubutu.

Ndugu msomaji, hili tunaliomba ulishike hata kama mengine utayasahau. Amoksilini, ampisilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini, pamoja na klindamaisini, ni sumu kwa simbilisi zikipitia mdomoni. Zinawaua wale vijidudu vyema wa sikamu, na wale wabaya waliobaki huzaliana na kutoa sumu inayomharisha na kumuua. Zipo antibiotiki anazoweza kupewa, lakini ni daktari ndiye wa kuchagua. Chupa iliyobaki nyumbani, iwe ya mtoto au ya mtu mzima, isiguswe.

Kumlisha kwa bomba

Karafuu alipimwa, akabonyezwa tumbo, akatazamwa meno na kupigwa picha ya eksirei. Hakuwa amezibwa, ila alijaa gesi. Alichomwa maji chini ya ngozi, akapewa dawa ya maumivu na ya kuuamsha utumbo, kisha tukarudishwa naye nyumbani tukiwa na kazi ya kumlisha.

Chakula chenyewe ni unga wa majani uliotengenezwa maalumu kwa wanyama wagonjwa, unaokorogwa na maji ya vuguvugu mpaka uwe kama uji mzito kidogo. Hupewa kwa bomba la sindano, bila sindano yenyewe. Karafuu alikuwa na uzito wa gramu 900 hivi, na tuliambiwa apate mililita 60 kwa siku, zigawanywe katika milo mitano. Tulimfunga kwenye taulo kama mtoto mchanga, mmoja akamshika, mwingine akapitisha bomba pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele. Unatoa kidogo, nusu mililita au moja, unangoja atafune na kumeza, ndipo unaongeza. Ukiharakisha chakula huingia kwenye mapafu.

Kuna sharti moja kubwa. Tumbo likiwa limevimba na kukaza kama ngoma, usimlishe kwa nguvu, mpeleke kwa daktari kwanza, maana huenda kuna kizuizi na chakula kitazidi kumdhuru.

Usiku ule tuliamka kwa zamu. Saa tisa usiku tulimkuta mama mkwe ameketi kando ya kizimba na kanga yake, akimtazama Karafuu. Akatuambia kwa mshangao kwamba mnyama wenu anakula choo chake mwenyewe. Tukamweleza kwamba hiyo ni habari njema. Simbilisi mzima hutoa aina mbili za kinyesi, na kile laini hukila tena moja kwa moja kinapotoka, kwa sababu kina vitamini na vijidudu anaowahitaji. Alipoanza tena kufanya hivyo tulijua tumbo limeamka. Asubuhi tukahesabu vipande 11 vya kinyesi. Siku ya tatu Karafuu alivuta jani mwenyewe, na binti alikimbia chumba hadi chumba kutangaza.

Ya kufanya kila siku

Tuliyofundishwa ni machache na hayana gharama kubwa.

Majani makavu yawepo wakati wote, mchana na usiku, rundo la ukubwa wa mwili wake au zaidi. Hayo ndiyo chakula chenyewe, mengine ni nyongeza. Mboga ziwe kiganja kimoja kwa siku. Pilipili hoho ni nzuri kwani ina vitamini C nyingi, na anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa siku. Vitamini ya kutiwa kwenye maji si ya kutegemea kwa kuwa huharibika upesi. Karoti na matunda yana sukari, yawe kidogo sana. Mkate, chapati, wali, ugali, biskuti, maharage, viazi, vitunguu na parachichi asipewe. Chakula kipya kiingizwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kisije kwa mkupuo kama saladi yetu ya Iddi.

Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni na uandike. Akipungua gramu 50 au zaidi, chunguza. Akiwa mgonjwa mpime kila siku, maana mizani huona kabla ya macho. Tafuta mapema daktari anayejua wanyama wadogo, si wa mbwa na paka tu, na namba ya dharura ibandike kwenye friji.

Hapa England na Wales jambo hili lina sura ya kisheria pia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inamtaka mwenye mnyama amlinde na maumivu na maradhi, na hairuhusu mnyama kuuzwa kwa mtoto wa chini ya miaka 16. Maana yake simbilisi ni dhamana ya mzazi, hata kama jina kampa mtoto. Wenye kipato kidogo waulizie mashirika ya hisani kama PDSA, lililoanzishwa mwaka 1917 na Maria Dickin, kama wanatimiza masharti ya kusaidiwa.

Na kwa wasomaji wetu wa nyumbani

Huenda msomaji wa Njombe au Bukavu anacheka kwamba sisi tunakesha na kitoweo. Lakini tumbo ni lile lile, na mfugaji akipoteza wanyama 20 kwa wiki amepoteza ada ya mtoto. Majani yaliyokatwa na kulundikwa mpaka yakapata joto yameshaanza kuchacha, na yatawajaza gesi. Yatandazwe yanyauke kwanza. Mahindi na pumba zenye ukungu zisitumike, kwani simbilisi hudhurika sana na sumu ya ukungu. Msimu wa mvua unapoanza, majani mabichi yachanganywe na makavu kwa siku kadhaa. Na anayejitenga pembeni, manyoya yamesimama, aangaliwe siku hiyo hiyo.

Mama mkwe ameshasharudi Tanga. Kila akipiga simu huuliza hali zetu, kisha huuliza, "Na yule mgonjwa wangu, anakula?" Tunamjibu anakula. Jana alikuwa na gramu 940.