Ahadi Ni Deni, Hata New York

Kila zinapotajwa desturi za parokia ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, Mtaa wa 115, Harlem Mashariki, hakosekani wa kubeza kwamba ule ni ushirikina uliovishwa rozari. Kauli hiyo ni ya zamani. Katika karne ya 19 waliitoa makasisi wa Kiayalandi, walioshika hatamu za Kanisa Katoliki mjini New York, walipowaona Waitaliano wa kusini wakishuka melini pamoja na watakatifu wao.

Ibada yenyewe ilianzishwa mwaka 1881 na wahamiaji wa Kiitaliano kutoka mji wa Polla. Kanisa likajengwa mwaka 1884, kwa jasho lao. Mchana walikuwa vibaruani, usiku wakashika koleo. Wauza vyuma chakavu wakatoa mikokoteni na farasi kubeba vifaa, majirani wakawaletea wajenzi chakula. Lilipokamilika, wakaelekezwa kusali chini, kwenye ghorofa iliyo ardhini. Juu wakasali Waayalandi na Wajerumani. Sanamu ya Bikira nayo ilikaa huko chini kwa miaka mingi.

Tarehe 16 Julai, sikukuu ya Bikira huyo, hata hivyo, hakuna aliyeweza kuwaficha. Mama ambaye mwanawe alikuwa mahututi alikuwa amemwekea Bikira nadhiri. Mtoto amepona, sasa anakuja kuiondoa. Anatembea pekupeku juu ya lami inayochoma kwa jua la kiangazi. Mshumaa anaoubeba unapimwa kwa ukubwa wa neema aliyopata, na wapo waliobeba mishumaa yenye uzito wa mtu mzima. Vibandani nje ya kanisa viliuzwa viungo vya nta: aliyepona mguu alinunua mguu, aliyeponywa kichwa alinunua kichwa, akaenda kukiweka altareni. Wengine walipanda ngazi kwa magoti. Wapo wanawake waliokokotwa hadi altareni wakilamba sakafu, jambo ambalo baadaye mapadre walilikomesha.

Kuna ushirikina gani hapo? Mchawi hulipwa kabla. Bikira alilipwa baada ya kutenda, tena na watu ambao mshahara wao wa wiki haukutosha kodi na mkate. Ahadi ni deni, nao hawakutaka kufa na deni la mbinguni. Roma yenyewe iliwaelewa: kwa idhini ya Papa Leo XIII, sanamu ilivikwa taji mwaka 1904, taji lililofuliwa kwa dhahabu ya pete na vito vya urithi walivyotoa waumini. Yaani Bikira aliyetawazwa kwa idhini ya Papa aliendelea kukaa chini miaka mingi zaidi!

 

Kinachoniuma ni yaliyofuata. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vitongoji vizima vilibomolewa kupisha nyumba za makazi za serikali, na watoto wa waweka nadhiri wakahamia Bronx na nje ya jiji. Wapuerto Riko wakaingia mtaani, Wakatoliki wenzao, wakapokewa kwa uso mkavu na Waitaliano wale wale waliowahi kusukumwa chini. Mkuki kwa nguruwe.

Walioiokoa ibada hiyo ni Wahaiti, ambao kwao Bikira wa Mlima Karmeli huhijiwa kwenye maporomoko ya Saut-d'Eau tarehe hiyo hiyo. Kila Julai wanamiminika Mtaa wa 115, na dhihaka iliyowaandama Waitaliano imehamia kwao: wanaambiwa wamemleta kanisani mungu wa vodou. Lakini mama wa Kihaiti anayesimama mbele ya sanamu ile amefuata lile lile lililomleta mama wa Polla, kuomba au kushukuru. Wanaomcheka wangejiuliza kwanza Julai hiyo kanisa lingejazwa na nani, kama wangebaki wale tu wasiodaiwa chochote na Mungu.