Viza ya kwenda kumpokea mjukuu: usikubali karatasi za kuazima

Simu inalia usiku Nyakato, jijini Mwanza. Ni binti anayeishi Ujerumani: "Mama, najifungua mwezi wa tatu. Njoo unisaidie." Furaha hutangulia, hesabu hufuata.

Pasipoti ni Sh150,000. Ada ya viza ya Schengen, inayoruhusu kukaa hadi siku 90, ni euro 90 kwa mtu mzima. Bima ya safari iwe ya kiwango kisichopungua euro 30,000. Alama za vidole huchukuliwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mwanza, kwa hiyo kuna nauli na malazi. Ombi likikataliwa, ada hairudi.

Hapo ndipo hutokea "mtu anayejua watu". Anaahidi kutengeneza taarifa ya benki, au anashauri mama akope kwenye kikoba, ajaze akaunti wiki moja kabla. Mzazi, hapo simama. Ofisa huangalia pesa zilivyoingia na kutoka kwa miezi kadhaa, si salio la jana. Karatasi ya kughushi ni sababu tosha ya kukataliwa, na kumbukumbu za maombi hutunzwa hadi miaka mitano, zikionekana na nchi zote za Schengen.

Swali kubwa la ofisa ni moja: atarudi? Jibu liko nyumbani. Leseni ya duka, hati ya kiwanja, barua ya likizo kutoka kwa mwajiri, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanaobaki. Hakikisha jina limeandikwa sawa kwenye kitambulisho cha taifa, cheti na pasipoti.

Kama kipato ni kidogo, kiseme kilivyo. Binti anaweza kwenda ofisi ya uhamiaji ya mji anakoishi, akatia saini hati rasmi ya kubeba gharama zote za mama yake.

Ombi huruhusiwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisipungue siku 15. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini yanaweza kufika 45. Likikataliwa, sababu hutolewa kwa maandishi na mwombaji ana haki ya kukata rufaa. Si aibu ya kuficha watoto.

Anza mapema, mzazi. Mjukuu hasubiri foleni.