Mkono wa Fletcher Henderson katika Muziki wa Swing

Usiku wa Agosti 21, 1935, bendi ya Benny Goodman ilipanda jukwaa la ukumbi wa Palomar, Los Angeles, ikiwa hoi na karibu kukata tamaa. Ilikuwa imezunguka Marekani na huko Denver haikupokelewa vizuri hata kidogo. Ikaanza na nyimbo laini, ukumbi ukapoa. Ndipo wakafungua kurasa za nyimbo kali zilizopangwa na Fletcher Henderson. Vijana walisogea mbele wakishangilia. Wengi huuhesabu usiku ule kuwa mwanzo wa enzi ya swing, na Goodman akavikwa ufalme. Mimi namtaka huyo mwenye kurasa.

Henderson alizaliwa mwaka 1897 mjini Cuthbert, Georgia. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu, mama akifundisha piano. Alisomea kemia, akaenda New York mwaka 1920, lakini kijana Mweusi mwenye shahada ya kemia hakuwa na pa kuipeleka. Piano ndiyo iliyomlisha. Kufikia mwaka 1924 bendi yake ilikuwa ikipiga Roseland, ukumbi wa Wazungu pale Broadway, na mwaka huohuo akamwita Louis Armstrong kutoka Chicago. Armstrong alikaa naye mwaka mmoja na kidogo tu. Ulitosha. Tarumbeta lake liliwaonyesha wenzake jinsi ya kuichelewesha sauti kidogo, kisha kuiachia ikavuta mwili wa msikilizaji.

Kazi ngumu ilibaki kwenye karatasi. Wapigaji watatu wanaweza kubuni papo kwa papo wakaelewana. Wakiwa zaidi ya kumi, inageuka kelele. Henderson na mwenzake Don Redman waliwagawa wapulizaji: saksafoni huku, tarumbeta na tromboni kule. Kundi moja linauliza, jingine linajibu, na katikati anaachiwa nafasi mtu mmoja aseme yake. Chini yao piano, besi, gitaa na dramu vinashikilia mapigo manne yasiyoyumba. Asili yake ni nyimbo za kazi na za makanisani za Wamarekani Weusi, ambamo mmoja huanzisha na umati ukaitikia. Aliyewahi kusimama kwenye ngoma ya kijijini kwao hahitaji kuelezwa kwa nini miguu haitulii.

Na miguu ndiyo iliyokuwa hakimu. Katika ukumbi wa Savoy, uliofunguliwa Harlem mwaka 1926, Weusi na Wazungu walicheza pamoja, jambo lisilowezekana katika klabu ya Cotton Club, ambako Duke Ellington aliwapigia Wazungu pekee. Savoy palikua dansi la Lindy Hop. Palitawala pia Chick Webb, mpiga dramu mfupi mwenye mgongo uliopindwa na kifua kikuu. Mei 1937 alishindana na Goodman mwenyewe, na watu wa Harlem wakampa Webb ushindi. Sioni namna ya kuuelewa muziki huu bila wachezaji wake. Mpigaji aliwatazama wao, nao wakamsikiliza yeye, na wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wengi walipata humo furaha waliyoimudu.

Henderson hakuwa hodari wa fedha wala wa kuongoza watu. Mwaka 1934 bendi yake ilisambaratika, akaanza kumuuzia Goodman kazi zake kwa ajili ya kipindi cha redio cha NBC kilichohitaji nyimbo mpya kila wiki. Goodman hakumficha; alimsifu hadharani, na mwaka 1939 akamwajiri apige piano. Hata hivyo soko la wakati ule lilimlipa Mzungu aliyesimama mbele kuliko Mweusi aliyeandika, na hiyo ilikuwa dhuluma.

Vita vya Pili vya Dunia, mgomo wa wanamuziki waliokataa kurekodi ulioanza 1942 na kodi ya kumbi za dansi viliziangusha bendi kubwa. Henderson alipatwa na kiharusi mwaka 1950, akafariki Desemba 1952, akiwa na miaka 55.

Ukipata nafasi, msomaji, tafuta King Porter Stomp, utunzi wa Jelly Roll Morton. Goodman aliurekodi mwaka 1935 kwa mpangilio wa Henderson, na watu wakaujua kwake. Henderson alikuwa ameshaurekodi na bendi yake mwaka 1928. Anza na huo.