Fahamu: Mirambo yule yule, maandishi mawili

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipigana upande wa Waarabu wa Tabora dhidi ya Mirambo, mtemi wa Urambo aliyeziba njia ya misafara ya Ujiji. Kwenye maandishi yake alimwita jambazi. Aprili 1876 wakakutana uso kwa uso. Stanley akamkuta mtu mpole, mwenye kauli ya taratibu, na wawili hao wakachanjiana wakawa ndugu wa damu.

Ugomvi wenyewe ulihusu zaidi ushuru na biashara. Mtemi alipodai nguo na shanga, wenye misafara walilia kuporwa. Kwake yeye ilikuwa haki ya mwenye nchi, na sioni tofauti kubwa na forodha.

Kuielewa desturi kwa mantiki ya wenyewe kabla ya kuitolea hukumu ndiko wanasosholojia wanakoita uhusianifu wa kitamaduni. Mwanaanthropolojia Franz Boas aliutetea sana huko Marekani. Bila huo, hata dodoso hupotosha: muulize mama wa kijijini ana watoto wangapi, naye huenda akahesabu na wa dada yake.

Je, basi kila desturi ikubaliwe? Hapana. Vikongwe wameuawa Tabora na Shinyanga kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni. Kuielewa hofu hiyo si kuihalalisha. Ila mtafiti anayeicheka hataambiwa nani alipiga ramli.